Njia Isiyo na Mashimo

Aprili milimani kwetu New Hampshire, kaskazini mwa Marekani, ni mwezi mwongo. Bondeni ni tope tupu, watu wamekwisha kuvua makoti. Huku juu theluji bado inafika kiunoni. Kila mtu hapa analijua hilo, na Orrin Thibault alilijua kuliko wengi. Ndiyo maana Delphine, mkewe, mpaka leo hajui hasira yake aielekeze wapi.

Asubuhi ile waliegesha gari pale inapoanzia njia ya mzunguko, ile inayovuka kijito, ikapita mgongoni mwa mlima na kukurudisha kwenye kijito kile kile upande wa pili. Orrin akalitazama tope, akavitazama viatu vyake vipana vya kutembelea juu ya theluji, akavirudisha kwenye buti ya gari. Mzigo wa bure, alisema. Delphine akavifunga vyake mgongoni. Walikuwa wameoana zamani. Kuna mabishano ambayo ukiyaanza asubuhi yanakuharibia siku nzima.

Kupanda kulikuwa raha. Usiku theluji iliganda, na katikati ya njia kulikuwa na ule utepe mgumu wa theluji ulioshindiliwa na wapandaji wa majira yote ya baridi. Orrin aliupenda utepe ule kama mtu anavyopenda shamba lake. Ole wako akukute umeutoboa kwa buti za kawaida! Shimo likiganda usiku, kesho linamvunja mwenzako mguu. Alikuwa amewagombeza wanafunzi, amewagombeza wageni wa Boston, siku moja alimgombeza kasisi. Watu wakamwita polisi wa mashimo, naye hakuchukia.

Walipofika juu, jua lilikuwa limewaka. Walikula mkate na jibini wamesimama kwa sababu ya upepo, wakaanza kuteremka. Theluji ilikuwa imeoza kwa jua, haimbebi tena mtu. Hatua ya kwanza Orrin akazama mpaka gotini, ya pili mpaka pajani. Akageuka kuyatazama mashimo yake mawili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa akiiba.

"Usiseme kitu," alisema.

"Sijasema."

"Unacheka moyoni."

"Moyoni ni kwangu, mzee. Huko huna amri."

Delphine, aliyekuwa amekwisha kuvaa viatu vyake vya theluji, akavivua ampe, wapokezane. Akakataa katakata, kiburi cha yule mtu kilikuwa hakibebeki. Tena palikuwa na habari ya kijito. Mchana theluji ikiyeyuka maji yanajaa, na yakizidi hawavuki, giza litawakuta mlimani wamelowa. Basi wakapatana Delphine atangulie akatafute pa kuvukia, yeye afuate polepole.

"Upite katikati," Delphine akamwambia. "Utoboe tu. Hakuna atakayekufunga."

"Sawa, sawa. Nenda basi."

Delphine alipata gogo lililolala juu ya maji, akakaa kusubiri. Wingu likafunika jua. Kwanza alikasirika. Kisha akaogopa, akasimama na kurudi juu huku akiita, macho chini kwenye utepe, akitafuta mashimo ya Orrin. Hakuona hata moja. Akajipa moyo kwamba hajaanza kuteremka, ameketi kule juu amenuna. Akaenda mbio mpaka kifua kikamuuma.

Kule juu hapakuwa na mtu. Yale mashimo mawili yalikuwa yamefukiwa kwa mikono na kusawazishwa vizuri, alama za vidole bado zikionekana. Kutoka hapo nyayo ziliuacha utepe na kuteremka kandokando, katikati ya misonobari, kwenye theluji laini ambayo hakuna mwenye akili anayeikanyaga. Delphine akajua mumewe amefanya nini: ameukwepa utepe asiutoboe. Akazifuata nyayo.

Chini ya matawi ya misonobari midogo theluji huacha uwazi, nawe juu huoni kitu mpaka utumbukie. Alimkuta humo, kichwa chini, buti tu ndizo zilizokuwa nje. Ilikuwa hatua chache kutoka kwenye utepe. Wakati wa kurudi juu kumtafuta alikuwa amempita pale pale, akiita, akitazama chini. Alichimba kwa mikono mpaka akamfikia shingoni. Bado palikuwa na joto, lakini pumzi hapana.

Waokoaji walimteremsha kwa sleji, kitanda cha kuburuta thelujini, juu ya utepe ule ule, wote wakiwa wamevaa viatu vya theluji, kama ambavyo angetaka.

Siku ya maziko binti yao Colette alikuwa jikoni anatazama simu, ule ukurasa ambamo wapanda milima huarifiana hali ya njia. Akataka kuificha. Delphine akamnyang'anya. Mgeni mmoja, ambaye bila shaka hakuwa amesikia msiba, alikuwa ameandika kwamba sehemu ya juu ni nzuri ajabu kwa mwezi huu, utepe mzima, hauna shimo hata moja. Akamalizia: aliyepita mbele yetu, tunakushukuru sana.

Delphine aliyasoma maneno hayo mara mbili. Hakuwa amelia tangu mlimani. Sasa alilia kwa sauti mbele ya majirani na sahani zao za chakula, akimtukana mumewe kwa kila tusi alilolijua, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.