Mpiga Chupa wa Shitanda

Mtaa wa Jericho ulikuwa na waongo wa kutosha, lakini hakuna aliyeutunza uongo wake vizuri kama Nalianya. Mwenyewe alikuwa mchanganya rangi katika kiwanda kimoja kule Industrial Area, na labda kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kwamba kitu ukikikoroga kila siku hakigandi.

Uongo wenyewe ulikuwa huu: kwamba mwaka wa themanini na tano, huko kwao magharibi, aliwahi kumpigia chupa Shitanda. Huyu Shitanda alikuwa bingwa wa gitaa kavu, lile lisilo la umeme, mtu ambaye sauti yake kila nyumba ya Waluhya iliijua redioni na sura yake karibu hakuna aliyeijua. Hakutembea na bendi. Alitembea na gitaa lake na mtu mmoja wa kumshikia mwendo kwa chupa ya soda, basi. Na mtu huyo mmoja, alisema Nalianya huku akijigonga kifua, siku ile alikuwa mimi.

Muthama, karani wa ghala na jirani yake wa mlango kwa mlango, alikuwa ameifuatilia hadithi hii kama mkunga anavyofuatilia mimba. Katika masimulizi ya mwaka wa themanini na sita, Nalianya alikuwa amesimama karibu na jukwaa. Themanini na nane, alikuwa ameshikishwa chupa kidogo wakati mwenyewe amekwenda kujisaidia. Kufika tisini na mbili alikuwa amepiga shoo nzima, na Shitanda amemshika mkono akimsihi asirudi Nairobi. Muthama alipowasimulia watu wa kwao Ukambani mambo hayo, aliwaambia wangoje tu, miaka miwili zaidi na gitaa nalo litakuwa la Nalianya.

Ukweli ulikuwa mfupi na wenye maji. Siku ile Nalianya alikwenda kweli, akaukuta ukumbi umejaa hadi dirishani, akabaki nyuma ya ukuta mvua ikimnyeshea, akisikia watu wanashangilia kitu asichokiona. Tangu hapo Shitanda alikuja Nairobi mara mbili, na mara zote mbili Nalianya alikuwa zamuni. Alikuwa ameona wanamuziki wengi katika maisha yake, lakini huyu ndiye aliyetaka kumwona, angalau mara moja, kabla yeye au Shitanda hajafa.

Sasa ikawa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nne, na tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa: Shitanda, Jumapili, saa nane mchana. Nalianya alilisoma mara tatu. Alikuwa anaanza mara ya nne wakati Muthama, ambaye alikuwa mwanakamati wa ukumbi, alipokuja akasimama kando yake na uso wa mtu aliyefiwa. Akamweleza kwamba mpiga chupa wa mzee Shitanda alikuwa amekwenda msibani Bungoma na hangewahi kurudi. Kamati nzima ilikuwa imeshika vichwa.

"Lakini nikawaambia wasihangaike," Muthama akasema. "Mtu wetu tunaye hapahapa."

Nalianya akajaribu kucheka, akasema mkono wake umezeeka.

"Chupa haina mifupa, jirani. Na jina lako limeshapelekwa kwa mzee."

Kufika jioni mtaa wote ulijua. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa soko walimwamkia kwa heshima ambayo hakuipenda hata kidogo. "Niaje, mzae wa chupa. Sunday tunakucheki." Nalianya aliwapungia mkono akapita, lakini moyoni alikuwa amekwisha kuona shimo lilivyo. Akipanda jukwaani, ataaibika mbele ya mtaa na mbele ya Shitanda mwenyewe. Akijifanya mgonjwa, itabidi alale ndani Jumapili nzima, na Shitanda apige gitaa hatua mia mbili tu kutoka kitandani kwake, naye asikie makofi kupitia ukutani mara ya pili.

Basi akaamua kujifunza. Alikuwa na siku tano. Alijifungia chumbani na chupa tupu ya bia na kijiko, akaanza kuigonga, ting, ting, mpaka mkewe Nafula akafungua mlango na ungo wa mchele mkononi.

"Baba Nabwire, unamwita nani?"

Akamwambia anafanya mazoezi. Nafula aliweka ungo chini, akaitazama ile chupa, akamtazama mumewe. Kisha akatoka, akarudi na chupa ya Fanta, ile yenye mistari mistari ubavuni, na msumari wa inchi nne. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Msumari ukashuka kwenye mistari ya chupa, ukapanda, ukashuka, ukagusa shingo kidogo, na chumba kikajaa mlio ule ule wa redioni, kama panzi elfu moja waliokubaliana.

"Chupa haigongwi," akasema. "Inakwaruzwa."

Nalianya aliketi kando yake. Alijua baba mkwe wake alikuwa mpiga chupa wa harusi. Hakujua kwamba binti alikuwa amekaa karibu akitazama. Akamuuliza alijua tangu lini kwamba yeye ni mwongo.

"Tangu ulipokuja nyumbani kunichumbia. Si ulimweleza baba jinsi ulivyoigonga chupa ya Shitanda? Wazee walitoka nje wote kwenda kucheka. Wewe ukadhani wamekwenda kuangalia ng'ombe."

"Na bado mkanipa mke?"

"Baba alisema mtu anayedanganya vibaya namna hiyo hawezi kunificha kitu."

Alimfundisha siku nne. Nafula alikuwa mwalimu mvumilivu, lakini mkono wa Nalianya ulikwenda kama wa mtu anayekwangua sufuria lililoungua, na siku ya tatu jirani wa juu alishuka kuuliza kwa upole kama kuna panya aliyekwama. Jumamosi jioni Nafula alimnyang'anya msumari akautia mfukoni, akamwambia aoge alale.

Jumapili walimiminika. Wa Jericho walikuja wametoka kanisani na Biblia bado kwapani, na wengine walitembea kwa miguu kutoka Mathare. Nalianya alivaa suruali yake ya harusi, akazunguka nyuma ya ukumbi, Nafula akimfuata hatua tatu nyuma. Ndani ya kile chumba kidogo cha viti vilivyovunjika alimkuta mzee mwembamba, mfupi kuliko alivyomtunga miaka yote hiyo, akinywa chai na koti lake likiwa limefungwa vifungo vyote. Nalianya alikuwa ameandaa maneno. Yalimtoroka yote, akabaki na ukweli mtupu, akautoa palepale mlangoni: kwamba hajawahi kumpigia chupa, hajawahi kumpigia mtu yeyote chupa, na siku ile alikuwa nje kwenye mvua.

Shitanda aliendelea kunywa chai.

"Kisumu wapiga chupa wangu wako tisa," akasema. "Eldoret niliacha kuwahesabu. Mombasa yuko mmoja ana picha kabisa, ila mimi kwenye hiyo picha simo."

Nalianya akaomba msamaha.

"Sina ugomvi na wewe, mwanangu. Nina shoo saa nane na sina chupa."

Nafula alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anaangalia mawingu. Nalianya alimtazama. Alijua kwamba akilitaja jina la mkewe, mtaa mzima utamwona anakwenda kuketi chini huku mwanamke wake akipanda juu, na hakuna maelezo duniani yatakayotosha.

"Mke wangu anaweza," akasema. "Baba yake alikuwa mtu wa chupa. Mimi nimeleta tu hii suruali ya harusi."

Mzee akanyoosha kidole kwenye chupa iliyokuwa juu ya kiti. Nafula aliiinua, akatoa msumari mfukoni, akakwaruza, labda pumzi nne hivi. Shitanda aliweka kikombe chini kabla chai haijaisha, akavuta gitaa.

Muthama alikuwa amekalia kiti cha mbele na amewapanga watu sita wa kucheka naye. Alipoona Nafula anapanda jukwaani nyuma ya mzee, na Nalianya anateremka kuja kuketi kando yake, alicheka hadi akashika mbavu, na wale sita wakalipa deni lao. Akamuuliza alistaafu lini. Akamuuliza kama kazi ya chupa sasa inarithiwa na wajane wakati marehemu bado yuko hai. Nalianya alijikunja kidogo kitini, kisha akageukia jukwaa, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kukaa na kuliweka gitaa pajani.

Vidole viwili tu. Gumba lilitembea chini kama mtu mzima anayekwenda zake shambani, na kile kingine kikachezacheza juu kama mtoto anayemfuata akimkatiza njia. Nafula aliinamisha kichwa, msumari ukaingia katikati yao, na ukumbi ukanyamaza kwanza, ndipo ukalipuka. Nalianya hakupiga makofi. Alikuwa ameinua shingo, mdomo wazi, akivitazama vile vidole. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Hiki ndicho walichokuwa wanashangilia upande ule mwingine wa ukuta.

Muthama akamwinamia sikioni.

"Jirani, na mwaka ule wa themanini na tano, alikuwa anaanza hivihivi?"

"Nyamaza, Muthama," Nalianya akasema bila kugeuka. "Mimi mtu huyu sijawahi kumwona."

Neno hilo Muthama alikuwa amelisubiri miaka mingi. Aligeuka haraka awaambie wale sita, akakuta wote wamekwisha kusimama wanacheza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sikio la kumpa.