Mapaja Yaliyotoka Mgongoni mwa Arlys

Arlys Uhlenhopp alilala kifudifudi kwenye kitanda cha Verlin Stroud, uso wake ukiwa kwenye tundu la kitanda, macho yakitazama zulia. Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri. Verlin alikuwa mnyoosha mgongo, kama baba yake kabla yake, na chumba chake kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka mto Mississippi. Chini yao mtu alikuwa akipimiwa misumari.

"Vuta pumzi," Verlin alisema. "Sasa itoe."

Akabonyeza. Pingili ya uti wa mgongo ikalia ko! na paja la nguruwe likadondoka chini ya kitanda.

Lilikuwa paja zima, bichi, la baridi, la kilo kumi hivi. Ngozi yake ilikuwa na muhuri wa buluu wa kiwanda cha nyama alikofanya kazi Arlys: tarehe 9 Machi, 1981. Verlin aliliokota akaliweka kwenye sinki, akanawa mikono.

"Wengine hutoa nini?" Arlys aliuliza.

"Wakulima hutoa magunia. Mke wa mchungaji alitoa piano. Tulipata taabu kuishusha ngazini."

Kwa miaka kumi na mitatu Arlys alikuwa akiinua mapaja kutoka kwenye mkanda wa kiwanda na kuyatundika kwenye ndoano, mwanzoni sita kwa dakika, siku hizi kumi na moja. Mara tatu aliomba ahamishiwe meza ya lebo, ambako watu hukaa. Mara tatu nesi wa kiwanda aliandika kwenye faili lake kwamba mgongo huo uliharibiwa na kazi za nyumbani.

Usiku ule alilala mpaka asubuhi. Mlio uliokuwa ukimsumbua sikioni ukakoma, na tumbo likatulia. Alipomweleza Verlin, yeye alikuna kidevu.

"Kuna wanaosema mgongo ukikaa sawa, mwili mzima hukaa sawa. Mimi sijui, mama. Ninachojua ni kile kinachodondoka."

Akawa anakwenda mara mbili kwa wiki. Kila safari lilidondoka paja, wakati mwingine mawili, na mumewe Merle akayapanga kwenye friza.

"Mke wangu, friza haifungi tena," alisema siku moja. "Hata mbwa amesusa."

Arlys alikuwa akizunguka meza ya jikoni, kikombe mkononi, kahawa imeshapoa. Kadiri mgongo ulivyozidi kuwa mwepesi ndivyo alivyoshindwa kukaa. Alianza kukunja nguo akaziacha, akafungua mlango wa nyuma, akatazama mahindi ya jirani, akaufunga, akaufungua tena. Miaka yote ile alidhani ni uchovu. Sasa uchovu ulikuwa kwenye friza, una tarehe, na yeye hakujua aipeleke wapi miguu yake.

Katikati ya Agosti likadondoka paja lenye muhuri wa tarehe 2 Novemba, 1986. Arlys alilisoma akiwa bado amechuchumaa bila viatu. Alilifunga kwa taulo, akaendesha gari moja kwa moja hadi kiwandani, akaingia ofisini kwa Kessel, nyapara wa zamu yake.

"Mliandika mgongo wangu uliharibikia nyumbani," alisema. "Haya, hili limetoka mgongoni. Soma."

Kessel alisoma. Akaligeuza, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Muhuri ni wetu."

"Basi nihamishie meza ya lebo."

"Arlys, muhuri ni wetu, kwa hiyo na nyama ni yetu. Unayo mengine mangapi?"

"Tarehe hiyo mama yangu alikuwa anakata roho, Kessel. Nilikuomba ruhusa mara mbili."

"Nakumbuka. Tulikuwa na upungufu wa watu." Akajimiminia kahawa. "Mangapi?"

Alhamisi lori la barafu lilisimama mbele ya nyumba yao. Merle aliwasaidia vijana wa kiwanda kupakia, kwa kuwa alilelewa hivyo, kisha akaona haya akaingia ndani. Kwenye faili la Arlys nesi aliongeza mstari mmoja: mfanyakazi amekutwa akihifadhi mali ya kiwanda mgongoni bila idhini.

Mwezi uliofuata kiwanda kilimwajiri Verlin. Kitanda chake kikafungwa kwa boliti kando ya mkanda, na wafanyakazi wakapangiwa zamu za kulala juu yake wakati wa mapumziko. Kilichodondoka kilidondokea kwenye mkanda wenyewe, kikaenda na vingine. Maumivu ya kichwa yalipungua, watu wakaacha kuomba ruhusa, na Kessel akapandisha mwendo hadi kumi na matatu kwa dakika.

"Hata wewe, Verlin?" Arlys aliuliza zamu yake ilipofika.

"Huku ndiko iliko migongo," Verlin alisema, bila kumtazama. "Vuta pumzi."

Nyuma ya Arlys kwenye foleni alisimama Rosaura, mgeni kutoka Jalisco, Meksiko, wiki yake ya pili kazini, akijipapasa kiuno.

"Dada, inauma?"

Kengele ya kumaliza mapumziko ikalia. Arlys alishuka kitandani, akavuta glavu mpaka viwikoni.

"Ukilala, hapana," alisema, akarudi kwenye mkanda.