Konokono Sitini na Saba

Kwa hesabu, ukoo wetu mzima hauna wa kunifikia. Nasema bila aibu, maana aibu inakuja mbele, na ni nyingi, itatutosha sote.

Shangazi yangu ni mtafiti wa viumbe wa majini. Bwawa la mtaani kwetu lilizungushiwa uzio kwa sababu ya kichocho, ugonjwa unaoenezwa na konokono wadogo. Shangazi akatia dawa aliyoihangaikia miaka, ikabaki kujua wamesalia konokono wangapi. Wakiwa wachache sana, uzio ungetolewa na watoto wangeruhusiwa kuoga. Lakini alikuwa amevunjika mguu, umefungwa plasta mpaka gotini. Kazi ikaniangukia mimi, kichwa cha familia.

"Huwezi kuwahesabu wote," aliniambia. "Unakamata kiasi, unawatia alama, unamrudisha kila mmoja alikotoka. Baada ya wiki watakuwa wamechanganyika na wenzao. Unakamata tena kuzunguka bwawa zima, tunaangalia wenye alama ni sehemu gani. Wakiwa wachache, bwawa bado limejaa. Wakiwa wengi, konokono wamebaki kiduchu."

"Shangazi, hiyo hesabu ya chekechea."

"Haya, profesa. Vaa buti na glavu."

Nilikamata sitini kuzunguka bwawa, nikawapaka rangi ya kucha ya bibi, mama yake shangazi, nyekundu ya kuwaka. Bibi mwenyewe alinisindikiza, akakaa nje ya uzio na mwavuli wake.

"Mume wangu, mbona mimi hujawahi kunipaka hivyo?"

"Wewe huna ganda, mke wangu."

Ikaja kazi ya kuwarudisha. Matete marefu, tope la kumeza buti, na mpira ulikuwa karibu kuanza. Nikamwaga ndoo nzima kwenye ngazi za zege. Watatembea wenyewe, nikajiambia, kwani miguu ya nini? Konokono hana miguu, lakini hilo sikutaka kulifikiria.

Wiki iliyofuata walikuwa hawajatembea. Nilishuka ngazi zilezile, nikaokota hamsini. Arobaini na watano walikuwa wamepakwa rangi.

Shangazi akapiga hesabu mezani: sitini mara hamsini, gawanya kwa arobaini na tano.

"Sitini na sita na theluthi mbili!"

"Huyo wa theluthi mbili ndiye mvivu wao," nikasema.

Akacheka, halafu macho yakamlowa. "Kila mmoja ulimrudisha mahali pake?"

"Ndiyo, shangazi."

Akanishika mkono. "Kumbe nina mtu nyumbani."

Chakula cha siku hiyo nilikiacha mezani. Wenye alama wangekosaje kuwa wengi, na mimi niliwatafuta palepale nilipowaweka? Ni sawa na kuhesabu watu wa mji mzima ukiwa umekaa sebuleni kwenu: utasema mji una watu watano, na wote ni ndugu. Nilikwenda mlangoni kwake nimwambie. Nikaishia kumuuliza kama anataka chai.

Mkutano ukafanyika ofisi ya maji. Shangazi alisimama na magongo yake, akaandika 67 ubaoni kwa tarakimu kubwa. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo Jumamosi wanangu waingie majini? Hamna wasiwasi?"

"Muulize aliyewakamata," shangazi akasema, akininyooshea kidole kwa tabasamu.

Nilimtazama yule mtoto mgongoni. Alikuwa ananyonya kidole.

"Bwawa zima nimelizunguka," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama si yangu.

Bibi, aliyekaa ubavuni kwangu, akaona ninadhulumiwa sifa. Akainuka.

"Mwaminini mume wangu huyu! Mara zote mbili nilikuwepo, nimemwona kwa macho yangu. Mwepesi, hapotezi muda! Konokono wote aliwamwaga pale kwenye ngazi, ndoo nzima, pwaa! Na wiki ya pili akawaokota palepale. Hata buti hazikuchafuka!"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake, na alikuwa ananitazama mimi, si bibi.

"Mama," akasema polepole, "palepale?"

"Palepale," bibi akajibu, akinipigapiga bega.