Ngatu Nyeusi Sakafuni

Tangu saa tatu asubuhi Hepisipa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkeka wa heshima, vazi la Kitonga, umemkaza kiunoni, akiwasikiliza watu wakimsema mwanawe bila kujua kwamba mama mtu ndiye huyo mbele yao.

Jumba lile la sanaa zamani lilikuwa duka la viatu, katikati ya Auckland, na kioo chake cha mbele kilikuwa kipana hata mpita njia aliona yote yaliyomo. Na kilichokuwamo kilikuwa kimoja tu: ngatu, kitambaa cha magome ya mforsadi, urefu wake hatua ishirini, kimetandikwa sakafuni kutoka karibu na mlango hadi ukuta wa mwisho. Cheusi tii. Latai, binti yake Hepisipa, ndiye aliyekipaka, na leo ilikuwa siku ya kwanza ya kukionyesha. Alikuwa amemwomba mama yake akae pale kwenye kichwa cha kitambaa, avae nyeusi, basi. Hepisipa akasema sawa, maana kuvaa nyeusi kwake halikuwa jambo geni. Huu ulikuwa mwaka wa nne wa ujane.

Mzee mmoja wa kizungu mwenye fimbo alizunguka mara moja, akasimama.

"Nilikuja kuona picha," alisema, "nimeonyeshwa zulia."

"Nyamaza, Derek," mkewe alimwambia. "Labda ndiyo picha yenyewe."

"Basi na barabara ya kwetu ni picha. Juzi wameitia lami."

Wakaenda zao wakicheka. Akaja msichana mwenye nywele za kijani, akasimama robo saa nzima, kisha akajifuta macho kwa mkono wa sweta na kutoka. Wakaja wanafunzi wawili, mmoja akisema huu ni ujasiri, mwingine akisema huu ni uvivu, kila mtu anaweza kumwaga rangi. Walibishana mpaka nje. Mwanamke mwenye mtoto wa kubebwa aliinama kunusa, akasema kinanuka vizuri, kama msitu baada ya mvua. Katika daftari la wageni mtu alikuwa ameandika kwamba hajaona kitu kizuri hivi tangu mwaka uanze, na chini yake mwenzake akaandika: *Hata choo hakionekani kiko wapi.*

Hepisipa hakuumizwa na hao. Mtu asiyejua ngatu akiiita zulia, kosa lake nini? Aliowaogopa ni wale wanaojua.

Kitambaa hicho kilikuwa kimetoka kwenye mikono ya wanawake kumi na wawili. Kila Alhamisi, katika ukumbi wa kanisa, wanawake hao wa Kitonga, watu wa visiwani, waliketi pande mbili za ubao mrefu, wakigandisha magome kwa uji wa wanga, wakisugua michoro ya kahawia, wakiimba. Ngatu ikikamilika, ilikwenda kwa mwenye zamu. Hii ilikuwa zamu ya Hepisipa. Ni yake, ndiyo. Lakini sheria ya kundi ilikuwa moja: kazi ya mikono ya wote haibadilishwi bila mkubwa wa kundi kuulizwa. Mkubwa huyo alikuwa Bibi Tokilupe, mwenye miaka themanini na mmoja na ulimi usiozeeka. Mwaka juzi mtu mmoja alikata ngatu ya zamu yake akatengeneza mapazia. Tokilupe alimwondoa kwenye ubao siku hiyohiyo, na hadi leo mwanamke yule hukaa kiti cha nyuma kanisani kama mgeni.

Latai alipokuja na ndoo ya rangi nyeusi, Hepisipa alijua la kufanya, na hakulifanya. Alimwachia mtoto. Miezi miwili alikaa na Tokilupe ubao mmoja, akiimba naye, na siri imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alimwomba Mungu ampe ujasiri wa kusema. Mungu alimpa Alhamisi nane, naye akazitumia zote kunyamaza. Akiondolewa kwenye ubao, Alhamisi ataifanyia nini? Wiki yake nzima ilikuwa inaelekea siku hiyo.

Ilipokaribia saa tano, aliinua macho akamwona Vika nje ya kioo.

Vika alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Alikuwa ametoka sokoni, gauni la maua mekundu, mfuko wa samaki mkononi. Alitazama ngatu nyeusi. Alimtazama Hepisipa, aliyekaa kwenye kichwa cha kitambaa na nguo za msiba. Akaziba mdomo kwa kiganja. Hepisipa aliinuka nusu, akampungia aingie, lakini Vika alitikisa kichwa, akajishika gauni lake la maua kama mtu aliyekutwa uchi, akageuka na kukimbia. Mwanamke wa miaka sitini, akikimbia na samaki.

"Yametimia," Hepisipa alijisemea. "Amekwenda kusema."

Simu yake ilikuwa imezimwa kwenye mkoba, ndiyo kanuni ya jumba. Hakuiwasha. Habari mbaya haina haja ya kuharakishwa. Aliketi akasali, si kwamba lisitokee, ila limkute ametulia.

Saa saba walifika.

Walishuka kwenye gari la kanisa mmoja mmoja, wote wamevaa nyeusi, wamejifunga mikeka mikubwa ya msibani, ile mikuukuu iliyochanika pindo. Wa mbele Tokilupe, ameshikwa viwiko pande zote mbili. Nyuma yao sufuria: magimbi, nyama ya kopo iliyopikwa kwenye majani na tui la nazi, mikate mitatu mirefu. Hepisipa alisimama. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Mbona wamebeba chakula?

Tokilupe alivuka kizingiti, akaona ngatu, akavua viatu. Akapita juu ya kamba ya kuzuia wageni kana kwamba haipo, akapiga magoti kwenye kitambaa, na akaachia kilio. Kile cha kwao, kinachoanza chini tumboni. Wanawake wote wakakipokea.

"Latai wee! Binti yetu wee! Jana tu alinibusu kanisani!"

Hapo ndipo Hepisipa alipoelewa. Ngatu nyeusi haitandikwi pasipo maiti. Mama ameketi kwenye kichwa cha kitambaa, amevaa nyeusi, mumewe alishakufa, mtoto anaye mmoja tu. Vika alikuwa amejumlisha, akapata msiba.

"Bibi," alisema, "Bibi, sikiliza, sivyo—"

"Lia mwanangu, usijikaze."

"Latai yupo!"

"Yupo kwa Bwana, tunajua."

"Yupo jikoni!"

Na kweli, mlango wa nyuma ulifunguka, Latai akatoka na kikombe cha chai na biskuti mdomoni, kuangalia kelele ni za nini. Kilio kilikatika kama uzi. Kisha Vika akapiga ukelele, na Tokilupe, aliyekuwa ameshikwa viwiko wakati wa kuingia, aliinuka bila kushikwa na mtu, akamfikia Latai, akamshika mashavu, akamkagua macho, akamkagua meno, akamzaba kibao cha bega.

"Mjinga wewe! Umetuua!"

Halafu akamkumbatia mpaka chai ikamwagika yote.

Wazungu saba waliokuwa ukutani wakaanza kupiga makofi. Mmoja alikuwa akitokwa na machozi. "Ajabu kabisa," alimwambia jirani yake. "Wanaonyesha mara ngapi kwa siku?"

"Hawa nao wana wazimu gani?" Vika aliuliza kwa Kitonga.

"Waache," mwenzake akajibu. "Wamelipa kiingilio."

Hepisipa alijua kwamba akingoja tena, hatasema kamwe. Alipiga magoti mbele ya Tokilupe, hapohapo juu ya weusi.

"Bibi, ni ngatu ya zamu yangu. Latai ameipaka, na mimi nilimruhusu. Sikukuuliza. Nimekuficha miezi miwili."

Tokilupe alitazama chini. Alipita na kidole kwenye kitambaa, akanusa kidole.

"Kwa nini nyeusi?" alimwuliza Latai.

Latai alifuta mdomo. "Baba alizikwa mwaka ule wa kufungiwa kwa korona, Bibi. Watu kumi tu, na maski. Hamkuruhusiwa kuja. Hakutandikiwa chochote. Nilitaka atandikiwe, hata kwa kuchelewa."

Mwanamke mmoja alipenga kamasi.

"Baba yako Filimone alikuwa na sauti nzuri ya besi," bibi akasema. "Alitudai kilio." Akageukia wenzake. "Haya. Tumevaa, tumekuja, chakula kipo. Mnataka turudi na machozi nyumbani?"

Wakalia upya, safari hii kwa jina sahihi, na Hepisipa akalia nao kama ambavyo hakuweza kulia siku ile ya mazishi, bila maski, bila mtu wa kumwambia asogee mita mbili. Walipomaliza waliimba beti nne za wimbo wa kanisani, na upande wa besi waliuacha wazi.

Msimamizi wa jumba, binti wa kizungu, alikuwa ameshika kamba yake mkononi hajui aiweke wapi. Wakampa sahani.

"Mimi siipendi," Vika alisema kwa sauti, akitafuna. "Michoro yangu yote imefunikwa. Pale pembeni nilichora vizuri."

"Mimi naipenda," mwingine akasema. "Imenyamaza."

"Rangi ni ya dukani," Tokilupe akakata. "Aibu hiyo. Nyeusi ni ya masizi. Latai, Alhamisi uje, nikufundishe kuyatengeneza." Kisha, bila kumtazama, akamsukumia Hepisipa sahani. "Na wewe mwenye siri, utakaa karibu yangu, mkono wa kulia, nikuone. Uje na wanga wako. Ule wa wiki jana ulikuwa maji."

"Ndiyo, Bibi," alisema Hepisipa. Akala gimbi zima, akaomba la pili.