Ghala Lililosomwa Tangu Ukurasa wa Kwanza

"Kizibo hakitoki kabla Kitabu hakijasomwa!" Waziri Korongo alifoka, akigonga sakafu ya baraza kwa mdomo wake.

"Juzi mlikisoma kwa ajili ya dawa. Jana mkakisoma kwa ajili ya chupa. Leo mnaanza upya kwa ajili ya kizibo?" Nguchiro, mkunga wa bondeni, alikuwa amesimama mbele ya Mfalme Kiboko bila kupiga goti. "Watoto kumi na wanne wana homa. Mmoja ni wangu. Nizibe chupa kwa kidole?"

Katika ufalme ule kila kitu kilikaa Ghala Kuu katika vifurushi, kuanzia sindano hadi silaha za askari. Na hakuna kifurushi kilichotoka peke yake: dawa ilidai chupa, chupa ikadai kizibo, kizibo kikadai nta. Kwa kila kimoja, makarani mchwa walisoma Kitabu, orodha ya vifurushi vyote na rafu zake, kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, pamoja na majina ya vitu vilivyokwisha kuoza. Ndipo mpagazi mmoja akatumwa. Akirudi, wakaanza tena. Foleni ilizunguka ghala mara tatu. Waliofia humo walizikwa papo hapo, na waliobaki wakasogea hatua moja.

Nguchiro alichomoa karatasi zilizokunjwa.

"Nimekaa hapa siku tisa, nimekisikia Kitabu chote mara tisa. Kila kifurushi na rafu yake nimekiandika, nikavipanga kwa alfabeti. Tafuta jina, soma rafu, basi. Tumeni wapagazi wanne kwa mpigo. Ni kazi ya asubuhi moja."

Kiboko alimwinamia Waziri. "Wasiposubiri, watafanya nini?"

"Sasa wanautazama mlango wa ghala, Mtukufu. Wakiacha kusubiri, watatutazama sisi."

Kiboko akatabasamu, meno yote nje.

"Mama, umefanya kazi nzuri mno. Karatasi zako zitafungwa kifurushi na kuwekwa ghalani. Siku utakapozihitaji, panga foleni."

Wazee wa baraza walicheka. Nguchiro hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, kama anavyotazama jipu kabla ya kulitumbua.

"Haya," alisema.

Akatoka na karatasi zake huku bado wanacheka. Akapanda kizingiti cha ghala, akaikabili foleni, akaanza kusoma bila kuruka kitu.

"Chupa, rafu ya nne, kushoto! Dawa ya homa, rafu ya sabini, mwisho kabisa! Jembe, rafu ya kumi!"

Mwanzoni hakuna aliyesogea. Kisha Pofu mmoja mzee wa pembe ndefu, aliyengoja jembe tangu masika yaliyopita, akatoka kwenye mstari. Wengine wakamfuata. Mlango ulisukumwa, ukaangukia ndani.

"Askari!" Kiboko alinguruma. "Chukueni mikuki!"

Askari walitazamana, mikono mitupu. Waziri Korongo akainama.

"Mikuki iko ghalani, Mtukufu."

"Rafu ipi?"

Hakuna aliyejua. Karani mchwa alikwisha kukifungua Kitabu. "Ukurasa wa kwanza," akaanza, taratibu, kwa sauti ile ile ya kila siku.

Huko nje Nguchiro aligeuza karatasi.

"Kizibo, rafu ya thelathini! Mikuki, rafu ya pili, kulia!"