Shimo Jeusi la Nyacheki

Jumanne moja alasiri, mwaka 1971, akina mama wa darasa la ngumbaru la Nyacheki walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamewapanda hadi kifuani, wakinakili neno "kikapu". Esnah Nyanchama alikuwa bado anahangaika na silabi ya katikati wakati nyota iliyokuwa juu ya nyumba yake ilipolipuka. Mwanga mweupe ukaingia dirishani, ubao ukawa hausomeki. Mwalimu Opondo akauhamishia ukuta wa pili, na somo likaendelea.

Nyota ile ilijulikana na kila mtu. Ilisimama juu ya paa la Nyanchama tangu alipoolewa, na waliochelewa kurudi kutoka sokoni Kenyenya waliitazama ili wasikose njia panda. Watu walisikitika kidogo kwamba imekwenda, kisha wakaendelea na kazi zao.

Nyanchama hakukaa kwenye dawati lile kwa starehe. Mumewe, Angwenyi, alikuwa amefariki na kumwachia mabinti tu, Kwamboka na wadogo zake, na shamba la majani chai ambalo yeye Nyanchama alilipanda shina baada ya shina, mtoto mgongoni. Sasa Serikali ilikuwa inapima mashamba kijiji kwa kijiji, kila shamba liandikwe jina la mwenyewe. Ombui, ndugu mdogo wa marehemu, alikwisha kutangaza mbele ya watu kwamba shemeji yake hana mtoto wa kiume, kwa hiyo ni mgeni tu aliyechelewa kuondoka. Nyanchama alimwogopa. Aliona afadhali ajue kuandika jina lake, ili siku ya wapimaji asishikwe kidole kikabandikwa mahali asipopajua.

Somo lililofuata, akina mama waligoma kuendelea na "kikapu" kabla hawajaelezwa habari ya nyota. Opondo alifurahi sana. Alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mrefu, mpole, aliyependa kueleza mambo kuliko alivyopenda kula, na kwa kuwa Ekegusii, lugha ya pale, ilimshinda, alieleza kwa Kiswahili.

"Nyota ni moto," alisema, "na kuni zake ziko ndani yake yenyewe. Moto unasukuma kwenda nje. Uzito wa nyota nao unakandamiza kwenda ndani. Nguvu zikilingana, nyota inakaa tu."

"Na kuni ikiisha?" aliuliza Bosibori. Huyu alikuwa mke wa Ombui, na alikuja darasani hasa kupumzika.

"Ikiisha, uzito unashinda. Nyota inajiangukia yenyewe, yote, mara moja. Ganda la nje linarushwa mbali, na huo ndio mwanga mliona. Kiini kinabanwa, kinabanwa, mpaka kinakuwa kidogo kabisa na kizito kabisa, hata mwanga ukiingia hautoki. Hiyo ndiyo wanaita shimo jeusi."

"Mwalimu, hiyo shimo inakula watu?"

"Haimfuati mtu, mama. Haivuti zaidi ya vile nyota yenyewe ilikuwa inavuta. Ukikaa mbali, haina neno na wewe. Lakini iko na ukingo. Ukishavuka huo ukingo, hata uite nani, hurudi."

Aliwaambia pia kwamba chuma cha majembe yao, na hata kile kilicho ndani ya damu yao, kilipikwa tumboni mwa nyota kubwa zilizolipuka zamani sana, kikatawanyika. Nyanchama alitazama viganja vyake akafurahi, kwa sababu hakuwahi kuambiwa kwamba ana kitu chochote kilichotoka mbali. Mwishoni mwalimu alikiri kwamba, kwa mujibu wa vitabu, ni nyota kubwa mno tu zinazoishia hivyo. Ndogo kama ile ya Nyanchama hupoa polepole na kunyamaza. Lakini walioandika vitabu hivyo, alisema, hawajafika Nyacheki.

Mwanga ulikaa wiki kadhaa na haukumkera mtu ila kuku. Majani chai yalichumwa mpaka usiku, na mafuta ya taa yalibaki chupani. Ijumaa ya kwanza wazee wa kanisa la Wasabato waliketi kuamua Sabato inaanza lini, ikiwa jua limetua na giza halikuja. Walijadiliana kwa heshima, wakakubaliana kwamba Sabato hufuata jua na si nyota nyingine yoyote, na akina mama wakaweka vyungu chini kwa wakati na kukaa nje wakiimba.

Mwanga ulipofifia, kiini kilionekana mpakani, kati ya shamba la Nyanchama na la Ombui, katikati ya mikonge miwili iliyopandwa kuwa alama. Kilikuwa na upana wa mdomo wa sufuria ya ugali, cheusi ti, kimya. Nyanchama alikizungushia mawe mbali na ukingo, kama alivyoelekezwa.

Ombui aliyaona yale mawe akawaka. Alisema shemeji yake anamletea ujanja wa mipaka. Ajabu ni kwamba ujanja wa mipaka ulikuwa wake yeye: kila akina mama wakienda darasani, aling'oa mikonge kadhaa na kuipanda upya ndani kidogo ya shamba la Nyanchama, akaisawazisha na udongo vizuri kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Bosibori alikuwa amejaribu kumwonya juu ya shimo. Ombui alimjibu kwamba hawezi kufundishwa na mtu anayefundishwa pamoja na wanawake. Kwake kitu kinachosomeshwa ngumbaru si kitu, na hakuona aibu yoyote kutokijua.

Alhamisi moja alivuka mawe ili ang'oe mkonge wa mwisho.

Akina mama waliporudi walimkuta amesimama juu ya shimo, ameinama kidogo, jembe mkono wa kushoto, mkono wa kulia ameuinua juu kama mtu aliyetaka kushika tawi.

"Baba Machogu," Bosibori alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Hakujibu. Hakupepesa jicho.

Opondo aliitwa. Alisimama nje ya mawe, akavua kofia.

"Amevuka," alisema. "Karibu na ukingo saa inatembea polepole, mpaka sisi wa huku tunaona kama imesimama. Kwa macho yetu atakuwa hapo siku zote, anaanguka bila kumaliza kuanguka. Mwanga wake unatoka ukiwa umechoka, kwa hivyo atakuwa mwekundu, halafu afifie."

"Kwa hivyo amekufa ama hajakufa?"

"Hapo, mama, hata wenye vitabu wanagombana."

"Si tumvute na kamba?"

"Kamba itabaki na yeye."

Bosibori alilia jioni hiyo na siku iliyofuata. Kisha akazoea. Alimletea habari za nyumbani kila siku akasimama kwenye mawe akimsimulia, na hakukatizwa hata mara moja. "Kwanza siku hizi najua ako wapi jioni," aliwaambia wenzake, na wakacheka hadi wakaweka vikapu chini. Watoto wa shule walimwamkia wakipita. Ombui aliendelea kuwa mwekundu taratibu, akapendeza.

Nyanchama hakuficha furaha yake. Alichukua jembe akairudisha mikonge yote mahali pake pa zamani, mbele ya macho ya Ombui, huku akiimba. Alilala vizuri. Darasani aliandika jina lake upande mmoja wa kibao cha kuandikia, akakigeuza, akaliandika tena.

Wapimaji walifika mwezi wa saba: afisa wa Serikali na mnyororo wake wa kupimia, pamoja na kamati ya wazee chini ya Mzee Nyamongo. Kijiji kizima kilisimama kati ya michai.

"Hii shamba ya marehemu Angwenyi," alisema Nyamongo, "mwenyewe ainue mkono."

Nyanchama aliinua.

"Mama Kwamboka, teremsha mkono. Tunauliza wenyewe."

"Mimi ndiye mwenyewe, mzee. Hii majani nimepanda na hii mikono."

"Tunajua umepanda. Hakuna mtu amekataa ati hukupanda." Nyamongo aligeuza macho polepole juu ya umati mpaka yakafika mpakani. "Ombui ameinua."

Afisa aliuliza kwa nini yule bwana ni mwekundu vile na kwa nini haongei. Wakamwambia ni shimo jeusi. Afisa akatikisa kichwa. Alikuwa ametoka kupima Magwagwa na alikwisha kuona mengi. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyewahi kumwona akiuteremsha ule mkono. Hapakuwa na mtu.

"Mzee," alisema Opondo, "huo mkono aliinua akitaka kung'oa mkonge. Swali lenu hata halikuwa limeulizwa."

"Mwalimu, tunakuheshimu. Wewe fundisha. Mambo ya mashamba tuachie."

"Mimi mke wake nasema hii shamba si yetu," alisema Bosibori.

"Mama, hujaulizwa."

Shamba likaandikwa la Ombui. Kwenye ramani shimo lilichorwa kiduara, kama kisima. Ikabaki sahihi ya shahidi mwenyeji anayejua kuandika, na kati ya wazee wale hakuna aliyejua. Nyamongo alimtazama Nyanchama, akamwambia kwa upole kwamba akishuhudia ataachiwa nyumba yake na ruhusa ya kuchuma, na asiposhuhudia hakuna atakayejua yuko hapo kama nani.

Nyanchama aliwafikiria binti zake. Hasira ilimshika, akaichukua kalamu. Aliandika jina lake lote, Esnah Nyanchama Angwenyi, bila kutazama popote.

"Mwandiko mzuri sana, mama," alisema afisa, na alisema kweli.

Umati ulipotawanyika alibaki mpakani na Opondo, ambaye hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Mwalimu, yeye mwenyewe anajua amepewa shamba?"

"Hajui. Kwake bado ni ile alasiri. Hata huo mkonge hajaushika."

"Na atajua lini?"

"Hatajua."

Nyanchama alimtazama shemeji yake, mkono juu, mwekundu kama aliyepalilia mchana kutwa, mwenye mashamba mawili asiye na habari. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata akaketi chini, na Bosibori aliyekuwa akija na kikapu akaanza kucheka kabla ya kuambiwa sababu. Kisha waliingia kati ya michai kuchuma kwa haraka, maana lori la kubeba majani halingewangoja. Jioni hiyo, kituoni, majani ya Nyanchama yalipimwa kwa jina la Ombui.