Mama Mkwe na Vipepeo wa Kioo

Mama Mayela, mama mkwe wangu, hapendi uchafu mbele ya mgeni. Asubuhi ile nilipomwambia kwamba Bwana Olman, mnunuzi wa vipepeo, anakuja saa ya kahawa, alishika ufagio hata kabla sijamaliza kunyonyesha.

Banda letu ni wavu mtupu juu ya nguzo. Ndani nafuga wale vipepeo wa mabawa ya kioo. Mmoja akitua gazetini, unasoma habari kupitia bawa lake. Bwana Olman akiridhika kwamba wanazaliana, atakuwa akinunua viwavi wetu waliokwisha jifunga kwenye maganda, nami sitarudi kiwandani kupakia mananasi na kumwacha mwanangu Keilyn kwa majirani.

Nilipoingia na mtoto begani, banda lilikuwa linang'aa. Mlango wazi, na magugu makavu niliyoyaning'iniza juu hayapo.

"Mama, yale majani yako wapi?"

"Yale matakataka? Nimeyatupa nyuma. Mgeni aje aone majani yaliyokufa yananing'inia kama popo?"

"Ndiyo wanayofyonza madume, Mama. Wasipoyafyonza, majike hawawatazami."

Akaegemeza ufagio. "Kumbe ni manukato."

"Ndiyo. Na madume wameyafuata."

Tulikimbilia nyuma. Juu ya lundo la takataka hewa ilikuwa inatetemeka, ndio wao. Kuwakimbiza haifai, mabawa yanachanika.

Mama Mayela akayainua magugu polepole, akayatandaza kichwani na mabegani, akaanza kutembea kama bibi harusi.

"Usinichekeshe," akanong'ona. "Wataruka."

Madume wakamfuata mpaka ndani. Nikafunga mlango, na papo hapo nikasikia hodi. Bwana Olman aliingia, kofia mkononi, akatazama huku na huku.

"Binti, mbona banda tupu?"

"Mtazame mama mkwe wangu."

Akasogea. Masikioni, puani, kwenye nywele, kote walikuwa wakifyonza. Kisha Bwana Olman akageuza jani moja la mmea unaoliwa na viwavi, akakuta mayai, akatabasamu.

"Na huyu bibi harusi atakaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka washibe," akajibu Mama Mayela bila kutikisa kichwa, kisha akaniita. "Yorleny, kahawa iletwe humuhumu. Na mkate, nina njaa."

Bwana Olman akavuta kigoda, akampokea Keilyn, akaniuliza gari lake lipite siku gani kuchukua maganda.